Kwa nini mwenye duka alikuwa posta, benki na kila kitu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Filamu za zamani za Marekani, kila nikiangalia mji mdogo lazima kuwe na duka moja la familia linauza kila kitu, misumari, vitambaa, dawa, viatu, na barua nazo zinachukuliwa hapohapo. Mteja anasimama nje ya kaunta anaagiza tu, hagusi kitu. Ndo ilikuwa hivyo kweli au wanatupiga kamba? Na yaliishia wapi?

JIBU: Hawajakupiga kamba. Sukari na unga vilikuja kwenye mapipa na magunia, pakiti hakuna, kwa hiyo lazima mtu akupimie kwenye mizani, akufungie kwa karatasi na kamba, we ungegusa nini sasa? Ila mi naona kitu kikubwa mle dukani hakikuwa bidhaa, kilikuwa daftari la madeni. Mkulima pesa taslimu anaiona akishauza mavuno, mwaka mzima anaandikwa tu, au analeta mayai na siagi vinakatwa kwenye deni, na hapo mwenye duka anashika yai mojamoja mbele ya taa aone kama limeoza, maana akikosea hasara ni yake. Na yeye mwenyewe mzigo kaukopa kwa wauzaji wa jumla, mavuno yakigoma wote wamekwisha.

Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, yalimkuta. 1833 alikuwa na duka New Salem, Illinois, na mwenzake William Berry, wamelinunua kwa mkopo, likafa, 1835 Berry akafariki na madeni yote yakamwangukia yeye, kama dola 1,100 hivi, akalipa kwa miaka huku akiyaita kwa utani "deni la taifa". Kusimamia posta ya New Salem alipewa mwaka huohuo 1833. Kwa mwenye duka posta ilikuwa dili, aliyefuata barua hatoki bila chumvi.

Kwa nini familia? Mke na watoto hawalipwi mshahara, na droo ya pesa ina macho ya nyumbani. Mashine ya kurekodi mauzo (cash register) kaibuni mwenye baa, James Ritty wa Dayton, Ohio, 1879, kachoka kuibiwa na wafanyakazi wake.

Kuanguka kwa maduka haya kulianzia kwenye hiyohiyo posta. 1896 serikali ikaanza kupeleka barua mpaka majumbani vijijini, safari za dukani zikapungua, tena ndani ya mfuko wa barua kuna katalogi ya Sears, kampuni iliyouza bidhaa kwa kuagiza kwa posta, halafu 1 Januari 1913 posta ikaanza kubeba na vifurushi vikubwa, wenye maduka walilipinga sana hilo wakashindwa. Magari nayo yakampeleka mkulima miji mikubwa. Na kaunta yako uliyoulizia? 1916 kule Memphis, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, mteja anaingia mwenyewe, anachukua rafuni, analipa taslimu akitoka. Bei ikashuka kweli, ila wa kukuandika hayupo.