Tukio moja, tanzu nyingi: msomaji apewe habari lini?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mwandishi aliyezoea hadithi za mapenzi anaweza kuhamia kwenye upelelezi au hadithi za kutisha bila kujifunza uandishi upya. Kwa uzoefu wangu wa kuandika hapa Tanga, anaweza, kwa sababu wahusika, mandhari na lugha anahama navyo. Kinachobadilika ni wakati wa kumpa msomaji habari, na nani katika hadithi anaijua kabla ya mwenzake.

Tuchukue tukio moja. Mlinzi wa ghala la mkonge karibu na bandari haonekani asubuhi, na funguo zake zimekutwa juu ya kiti. Nikiliandika kama upelelezi, funguo hizo lazima msomaji azione mapema, zikiwa zimechanganyika na vitu vya kawaida kama redio na kikombe cha kahawa, ili mhalifu atakapofichuliwa, msomaji asiwe na sababu ya kulalamika kwamba alinyimwa ushahidi. Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake Bwana Msa rafiki wa kufuatana naye, Najum. Mhusika wa namna hiyo ana faida kubwa: yupo pale ushahidi unapoonekana, lakini hauunganishi, hivyo msomaji huonyeshwa kila kitu bila kupewa jibu. Huwa nawasomea rasimu majirani zangu wa Ngamiani kwa sauti, nami husikiliza wanamshuku nani na kwa sababu gani. Wakimtaja mhalifu kwa kubahatisha tu, ushahidi wangu bado haujatosha.

Katika hadithi ya mapenzi, siri hiyo haina kazi tena. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mlinzi ameondoka usiku kwenda Pangani kwa mwanamke waliyeachana zamani. Taharuki iwe katika kusubiri kama atathubutu kusema lililomtoa kwake. Mimi hupendelea kizuizi kiwe ndani ya mhusika mwenyewe, kama kiburi au aibu, kwa kuwa kizuizi kikiwa baba mkali, akishakubali posa hadithi imekwisha, hata kama mwandishi bado ana kurasa.

Hadithi ya kutisha inataka msomaji na mhusika wajue sawasawa, yaani kidogo sana. Mlinzi anasikia robota zikiburutwa ndani ya ghala alilolifunga mwenyewe; nikieleza mapema ni jini gani na anataka nini, hofu hushuka papo hapo.

Ulimwengu wa kubuni ndio mgumu kuliko yote. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii, katika Kusadikika (1951) aliiweka nchi nzima angani, lakini ndani yake akaweka mashtaka, baraza na utetezi wa mshtakiwa, Karama. Naamini msomaji huikubali nchi inayoelea kwa sababu kesi inaendeshwa kwa utaratibu anaoufahamu. Kwa hiyo nikibuni jambo la ajabu, huliwekea mipaka mapema na kuyaacha mengine yote yawe ya kawaida.

Jaribu kuliandika tukio lako moja kwa tanzu mbili, kurasa chache tu kila moja, kisha upige mstari pale msomaji anapoijua siri. Ukiweka hapa aya za mwanzo za ule upelelezi, nitazisoma nikitafuta ushahidi ulipojificha.