Ukichomwa na sindano kazini, usimsubiri msimamizi

Jumanne iliyopita, saa tatu usiku, nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa makala zangu. Nimemwomba ruhusa, naunukuu ulivyo: “Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu. Mimi ni mfanya usafi hospitali. Leo asubuhi sindano imenichoma nikibeba taka. Msimamizi kasema ninawe na jiki niendelee na kazi. Sijamwambia mtu. Naomba unisaidie.”

Sikumjibu kwa kuandika, nilimpigia. Nikamwambia avae viatu, achukue bodaboda, arudi hospitali ileile usiku huohuo, aende kitengo cha dharura na aseme hivi: nimechomwa na sindano kazini, naomba kuanzishiwa PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa. Alikuwa analia. Nilipokata simu mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kwa sababu ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi.

Wengi mnanifahamu kama muuguzi, na sasa ndiye ninayesimamia kinga na udhibiti wa maambukizi pale ninapofanya kazi. Wachache wanajua kwamba hospitali niliingia kwanza na ndoo na mopa, nimeajiriwa na kampuni ya usafi iliyoshinda tenda. Ilikuwa mwaka 2012, nina miaka 22, nina mume na mtoto mmoja. Tulipewa glovu nyepesi za kupimia wagonjwa, pea moja kwa zamu nzima. Gambuti zilikuwa pea mbili kwa watu sita, aliyewahi ndiye aliyevaa.

Siku ile nilitoa taka wodi ya wazazi. Mfuko ulikuwa mweusi, na mweusi ni wa taka za kawaida: maganda ya machungwa, mabaki ya uji, makaratasi, chupa za maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 85 ya taka za hospitali ni za namna hiyo, hazina madhara zaidi ya taka za nyumbani. Ndiyo maana mfuko mweusi mtu anaubeba bila wasiwasi. Niliunyanyua kwa mkono mmoja, ukayumba, ukanigonga paja la kulia. Nikahisi kama nimeng'atwa na siafu. Nilipovuta sketi ya sare niliona tone la damu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kwenye plastiki ya mfuko imetokeza ncha ya sindano ya kanula, ile ya kuwekea dripu. Sindano ile ina tundu katikati, na damu ya mgonjwa hubaki humo. Mgonjwa gani, hakuna aliyeweza kujua.

Msimamizi wangu alitazama paja langu, akasema: “Nawa na jiki. Ukienda kwa matroni tenda itaondoka, na wenzako wote watakosa kazi kwa ajili yako.” Miaka imepita, maneno hayo bado nayasikia kwa sauti yake. Nikanawa na jiki. Nikaminya jeraha mpaka likavimba. Nikarudi kudeki. Yote mawili nilikosea: jeraha la sindano unaliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi. Huliminyi, wala huliunguzi kwa dawa kali.

Nilinyamaza mchana kutwa na usiku kucha. Kesho yake asubuhi nesi mmoja mtu mzima, anatoka zamu ya usiku, alinikuta stoo ya mifagio nimejikunyata. Akaniuliza, “Mwanangu, umechomwa saa ngapi?” Nikamwambia jana saa mbili. Akahesabu kwa vidole, akanishika mkono, hakuniachia mpaka mlango wa CTC, kliniki ya matibabu ya VVU. Alinieleza njiani kwamba dawa zile zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na zikipita saa 72 huanzishiwi tena. Mimi nilikuwa nimeshapoteza 24 kwa kumwogopa mtu mmoja.

Nilimeza vidonge siku 28. Kichefuchefu kilinifanya nichukie harufu ya chai. Ilibidi nimweleze mume wangu kwa nini tutumie kondomu. Alinyamaza siku mbili, ya tatu akauliza kama kweli ilikuwa sindano. Swali lile liliniumiza kuliko sindano yenyewe. Nikapima wiki ya sita, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Niko salama, namshukuru Mungu. Msimamizi hakuniuliza hata siku moja majibu yametokaje.

Chuoni ndipo nilipoelewa kwamba tuliogopa kitu kimoja tu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa. Ikiwa na homa ya ini aina ya B, na wewe hujachanjwa, inaweza kufika hata 30 kati ya 100. Na homa hiyo ina chanjo! Dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Sisi wabeba taka hakuna aliyetuuliza kama tumechanjwa. Wewe unayesoma hapa na unashika mopa, kaulizie chanjo wiki hii, na usikubali kuambiwa ni ya manesi.

Wauguzi na madaktari wenzangu, sasa nasema na ninyi. Sindano inayomchoma mfanya usafi hakuitumia yeye. Ni wewe uliyeitumia, ukaiacha kwenye trei, au ukaitupa kwenye mfuko uliokuwa karibu kwa sababu sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, lilikuwa mbali. Lisogeze boksi mpaka kando ya kitanda. Usirudishe kifuniko kwenye sindano. Boksi likijaa robo tatu lifunge, usilisukume kwa mkono ili liingize nyingine tano. Usiseme moto utamaliza: nimesimama kwenye kichomea taka cha matofali, nikaona sindano zinatoka kwenye majivu zimekuwa nyeusi na bado zinachoma, na kijana anayezoa majivu yale amevaa kandambili.

Nanyi wasimamizi, vifaa vya kujikinga si zawadi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri avitoe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, na mfanyakazi wa kampuni binafsi ni wake sawa na wa serikali. Lakini ajali isiyoandikwa utaidai kwa mdomo mtupu. Kwa hiyo mdogo wangu, ukichomwa, osha, kisha nenda kwa nesi kiongozi wa wodi saa ileile, simama hapo mpaka aandike jina lako, tarehe na saa kwenye kitabu cha matukio. Uende kwa nesi kwanza, msimamizi atasikia baadaye. Akikufokea, mwache afoke, wewe uko njiani kwenda kuanza dawa.

Yule binti alipata kidonge cha kwanza Jumanne hiyohiyo, saa tano na robo usiku. Leo ni siku yake ya sita. Kila saa tatu usiku namtumia ujumbe wa neno moja: umemeza? Jana aliniwahi. Saa tatu kasoro dakika mbili simu yangu ililia: “Dada, nimemeza.”