Jibu: Kiwanja cha mita 20 kwa 25, ghorofa moja, mita za mraba 250 kila sakafu?

Mkuu, kwa masharti uliyopewa na halmashauri, yaani sakafu ya chini isizidi 50% ya kiwanja na jumla ya sakafu zote isizidi mara 0.8 ya kiwanja, 250 chini na 250 juu haipiti. Mita za mraba 500 mara 0.8 ni 400. Chini ukijenga 250, juu zinabaki 150.

Ile mita 1.5 unayotakiwa kuiacha wazi ubavuni, kati ya nyumba na mpaka, pima kutoka kwenye mstari wa bikoni (mawe ya mpaka wa kiwanja), sio ukuta wa uzio. Uzio ukiwa umeingia kwa jirani sentimita 40 nawe ukapimia hapo, unabaki na mita 1.1 tu, na nguzo zikishamwagwa zege hapo dawa ni kuvunja. Mwite mpima ardhi avute kamba bikoni hadi bikoni kabla hujachimba msingi.

Kama mto uko karibu, sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka uache mita 60.