Taima ya hita inachemka kuliko hita yenyewe

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina hita ya maji ya tenki, lita 80, nimeifungia ile taima ndogo ya kuchomeka kwenye soketi iwake saa kumi alfajiri izime saa kumi na mbili, nikiamka nikute maji tayari. Wiki mbili za mwanzo mambo yalikuwa safi tu. Sasa hivi nikiigusa taima ina moto kwelikweli, na juzi nimechomoa plagi nikakuta pini moja imebabuka imekuwa ya kahawia halafu harufu ya plastiki iliyoungua. Taima imeandikwa 13A, na aliyeniuzia alisema inabeba kitu chochote cha nyumbani. Ninunue nyingine kama hiyo au hita ndo mbovu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo taima usiirudishe tena, na hiyo soketi pia usichomeke kitu mpaka fundi aifungue aangalie, maana pini ikishababuka hivyo ujue na ile sehemu ya ndani inayoibana imeshalegea. Hita yako sidhani kama ina shida.

Fanya hivi: nenda kwenye hita tafuta kile kibati chenye maandishi, mara nyingi kiko chini au ubavuni, usome wati. Tuchukulie kimeandikwa wati 3000, basi chukua 3000 gawanya kwa volti za umeme wako, kwa 240 unapata ampia 12.5, kwa 230 unapata 13 na ushee. Umeona sasa? Taima yako ya 13A inafanya kazi kwenye ukingo kabisa wa uwezo wake, tena siyo dakika tano kama birika, ni saa nzima na zaidi mfululizo kila siku, na kitu kikibeba mzigo mzito muda mrefu hapo ndo joto linajikusanya kwenye pini na kwenye visahani vya ndani vinavyogusana. Mafundi wengi tunaacha nafasi, mzigo wa muda mrefu usizidi asilimia 80 ya kilichoandikwa, kwa hiyo hata ya 16A kwa hesabu hiyo inabeba 12.8 tu, na hita yako inaigusa hapohapo au kuipita kidogo. Mimi kwa hita ya wati 3000 naanzia 20A na ya kufungwa ukutani au kwenye boksi la breka, siyo ya kuchomeka.

Halafu kuna kitu kinachanganya watu sana. Utaona taima imeandikwa 16(3)A, wengine wanadhani 3 ni makosa ya uchapishaji, hapana. Namba ya nje ni ya mzigo wa kupasha joto tu kama hita na pasi, ya ndani ya mabano ni ya vitu vyenye mota au koili, kama pampu na feni, ambavyo vinapozimwa vinarusha cheche kali zaidi. Kwa hita soma ya nje. Ila siku ukitaka taima hiyohiyo iwashe na pampu ya maji, soma ya ndani, usije ukalia.

Kama taima uliyoipenda ni ndogo usiitupe, kuna kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa kwa umeme. Taima inawasha koili ya kontakta tu, umeme mdogo mno haufiki hata ampia moja, halafu kontakta ndiyo inabeba mzigo wa hita. Chukua ya 25A, ila hiyo 25 iwe imeandikwa AC-1, yaani ya mzigo wa kupasha joto, kwa sababu kontakta moja inaweza kuwa na namba mbili na AC-3 ni ya mota, na koili yake iwe ya volti sawa na umeme wako. Binafsi hii ndo njia naipenda, taima ikifa unabadilisha kitu kidogo tu. Na uangalie waya pia, ukikuta wa milimita za mraba 1.5 mwambie fundi aweke 2.5 au zaidi kulingana na urefu, taima kubwa kwenye waya mwembamba umehamisha moto tu kutoka soketini kwenda ukutani.

Niliwahi kufungua taima ya mama mmoja aliyekuwa analalamika bili haishuki japo amefunga taima, nikakuta visahani vimeshikana kabisa, vimeungua vikaungana kama vimechomelewa. Saa inazunguka vizuri, inalia tik, lakini hita inawaka usiku kucha, kilichokuwa kinamzuilia ni thamostati peke yake, kile kifaa kinachozima hita maji yakifika joto lililowekwa. Kwa hiyo thamostati na ile valvu ya presha usimruhusu mtu azitoe eti taima ipo. Na thamostati iache nyuzi 60, usishushe sana kuokoa umeme, maji ya uvuguvugu kwenye tenki ndo bakteria wa Legionella, wale wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanayapenda. Saa mbili zako zinatosha, lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa wati 3000 ni kama saa moja na robo.

SWALI: Na mimi taima yangu ya kuzungusha ikishakatika umeme inawasha hita muda wa ajabu, imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, hiyo inasukumwa na umeme huohuo, ukikatika kwa muda wa saa mbili nayo inasimama muda huohuo, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Rekebisha kwa mkono, au chukua ya dijitali yenye betri ndogo ndani. Na ukitaka kufungua hita, zima kwanza kwenye breka, usitegemee taima imezima, maana inaweza kuwasha ukiwa umeshika waya.