Kabla hujaisimulia ile bunduki ndefu, mtafute namba mbili

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Sisemi zile za maandishi chini ya picha. Nasema hizi za sauti, ambapo DJ anaongea juu ya waigizaji, anatia chumvi yake, na watu kwenye kibanda umiza wanacheka mpaka benchi linayumba. Nimeifanya zaidi ya miaka kumi, na makosa yangu mengi yalipita bila mtu kushtuka. Hili moja lilishtukiwa.

Ilikuwa muvi ya Kirusi ya mwaka 2016, ya askari wa Jenerali Panfilov wa jeshi la Kisovieti walioikinga Moscow Novemba 1941. Nilishaimaliza kuitafsiri, nikaenda kukaa kibandani na watazamaji nione wanaipokeaje. Ikafika sehemu ya handaki, akatokea askari na bunduki ndefu kuliko yeye mwenyewe. Sauti yangu kwenye spika ikanguruma: "Mdunguaji huyo, leo mtu hachomoki!" Nilikuwa na uhakika kabisa. Bunduki ile nilishaipiga mara elfu, kwenye gemu.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja, mstaafu wa jeshi. Hakupaza sauti. "Mdunguaji gani anatafuta kifaru? Na huyo wa pembeni anayempa risasi ni nani, shemeji yake?"

Kibanda kizima kikapasuka. Nikacheka nao, maana ungefanyaje.

Show ilipoisha nilimfuata. Kumbe jeshini alikuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege, ile ya milimita 14.5, na hiyo risasi yake ni ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndefu za Kirusi za kutobolea vifaru, kama ile ya kwenye muvi. Akanipimia kwa vidole: ganda na kichwa chake, karibu sentimita 16. Risasi ya AK ina sentimita tano na nusu. "Ukishaishika hiyo," akasema, "hutasema tena mtu anakimbia nayo begani."

Tangu siku ile nikaanza kuichimba, na haya ninayoandika ni kwa ajili yako unayetafsiri muvi za vita, unayeandika skripti, au unayebishana tu na wenzako kwenye kituo cha gemu.

Kwanza ujue bunduki zenyewe ni mbili, na mimi nilikosea hata hapo. Zote zilipitishwa rasmi siku moja, 29 Agosti 1941, miezi miwili tu baada ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovieti, wakati vifaru vya Hitler vinazidi kusonga na mizinga ya kuvizuia haitoshi. Moja ni ya Vasily Degtyaryov, inaitwa PTRD. Nyingine ni ya Sergei Simonov, PTRS. Herufi ya mwisho ni jina la fundi, shika hapo hutazichanganya. Kwa macho pia si kazi: PTRD ni kama bomba la maji lililotiwa kitako, haina kasha la risasi popote, unaweka moja, unapiga, unaweka nyingine. PTRS ina kasha linaloning'inia mbele ya kifyatulio, risasi tano, na inajipakia yenyewe. Ile ya kwenye muvi ya Panfilov ni bomba. Ile ya kwenye gemu langu ni yenye kasha. Na mimi nikasema ni moja.

Ya Degtyaryov ilikuwa nyepesi kuitengeneza, kwa hiyo ndiyo iliyotangulia kufika vitani kwa wingi. Za Simonov zilizotoka mwaka 1941 hazikufika hata mia. Mwaka 1942 ndipo zikavuka 60,000. Basi ukikutana na muvi inayoonyesha vita vya mwaka 1941 ambayo kila handaki lina PTRS, ujue mtu wa vifaa alichukua alichokikuta stoo.

Sasa uzito. Usisome tu kwamba PTRS ina kilo 21 na urefu unaopita mita mbili, ukaendelea na maisha. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji, zunguka nayo nyumba mara moja, halafu jiulize ungelifanya hivyo kwenye theluji huku unapigwa risasi. Mimi nilizunguka. Majirani walidhani bomba limekatika. Ndiyo maana bunduki ya Simonov ilitengenezwa iweze kugawanywa vipande viwili, mmoja abebe mtutu na mwingine abebe kiwiliwili. Na ndiyo maana kulikuwa na namba moja na namba mbili. Namba moja analenga. Namba mbili anabeba risasi, anamwangalizia kifaru kinatokea wapi, na kwenye ile ya Degtyaryov yeye ndiye anayesukuma risasi nyingine ndani kila mtutu unaporudi nyuma na komeo kufunguka lenyewe. Namba mbili akifa, namba moja amebaki na mzigo wa chuma.

Gemu limemfuta huyo mtu. Kwenye Call of Duty: World at War ya mwaka 2008, PTRS imetiwa darubini juu, unaibeba peke yako, unaruka nayo kuta, unadungua nayo watu mmoja mmoja, na ukichoka na watu unaenda kuwapiga mazombi. Nililipenda gemu lile, sisemi uongo, bado nalipenda. Lakini ndilo lililonifundisha neno "mdunguaji" nililokuja kuaibika nalo. Call of Duty ya kwanza, ya mwaka 2003, ilikuwa na adabu zaidi: uko ndani ya nyumba ya Pavlov, jengo lililogeuzwa ngome kule mjini Stalingrad, bunduki iko kwenye madirisha, na kazi yake ni vifaru. Hata hapo lakini bunduki unaipiga peke yako.

Ukitaka gemu litakalokusogeza karibu na ukweli, nimefaidika na mawili. Company of Heroes 2 ya mwaka 2013 inaiweka PTRS mikononi mwa kikosi, kwa hiyo angalau unaona kwamba ni silaha ya kundi, na ukiituma peke yake mbele ya kifaru kizito unajionea matokeo. Red Orchestra 2 ya mwaka 2011, ambayo nayo ni ya Stalingrad, inakulazimisha ujue kifaru ni chembamba wapi, maana ndani yake kuna wahudumu na si kila sehemu risasi inapenya. Nilikufa sana humo. Nilikufa mpaka mdogo wangu akaomba zamu kwa huruma.

Hapo ndipo penye kosa la pili la sisi madj: mlipuko. Kila bunduki ile ikipigwa, tunasema kifaru "kimelipuliwa". Sikiliza. Ni kichwa cha risasi cha gramu 64 hivi, kinatoka kwa mwendo wa takriban mita 1,000 kwa sekunde. Kikipigwa kwa karibu, kinapenya chuma cha milimita 35 mpaka 40. Ubavu wa vifaru vya Kijerumani vya aina ya Panzer III na Panzer IV ulikuwa na milimita 30. Kwa hiyo unakisubiri, unakiacha kisogee, unakipiga ubavuni, na unachopata ni tundu. Tundu dogo. Labda limempata dereva, labda injini, labda tangi la mafuta, labda halikumpata yeyote na kifaru kinaendelea kuja, na vumbi lililorushwa na mtutu wako limeshawaonyesha mlipo. Ndiyo maana walipiga tena na tena, wakilenga minyororo na vile vitundu vya kuchungulia. Ukiisimulia hivyo, watazamaji wananyamaza. Nimejaribu. Wananyamaza kuliko unapopiga kelele za mlipuko.

Kuna alama nyingine nakupa bure. Ukiona kifaru cha Kijerumani kimening'inizwa mabati membamba ubavuni, vita vinavyoonyeshwa humo vinatakiwa viwe vya mwaka 1943 au baadaye. Yale mabati, ya milimita tano hivi, Wajerumani waliyaweka hasa kwa sababu ya bunduki hizi. Wakulima na vijana wa viwandani waliolala kwenye matope walimlazimisha adui avishe vifaru vyake shuka la chuma.

Muvi nazo zina tabia zake. Ile ya mwaka 1959 ya Grigory Chukhrai, ya kijana Alyosha anayepewa ruhusa kwenda kumwona mama yake, inaanza na yeye akikimbizwa na kifaru, akaiokota bunduki ya namna hii na kuviharibu viwili. Peke yake. Ni muvi nzuri mno, nisingeigusa hata fremu moja, ila elewa kwamba kule mwanzoni inatafuta muujiza, kwa sababu bila muujiza hakuna likizo na bila likizo hakuna hadithi. Hata ile ya Panfilov ina mkia wake: mapigano ya Novemba 1941 yalikuwepo kweli, lakini kisa cha mashujaa 28 waliokufa wote kilipikwa na waandishi wa gazeti la jeshi. Mwendesha mashtaka wa kijeshi wa Kisovieti alilibaini hilo mwaka 1948, na mmoja wa "waliokufa" alikamatwa akiwa hai. Kwa hiyo usidhani kutia chumvi kulianza na gemu.

Kama una nafasi ya kuitazama moja tu, tafuta ile ya Sergei Bondarchuk ya mwaka 1975, They Fought for Their Country, iliyotoka kwenye riwaya ya mwandishi wa Kirusi Sholokhov. Humo bunduki anayo Lopakhin, anayechezwa na Vasily Shukshin, na pembeni yake yupo Kopytovsky. Namba mbili huyo, mwenye jina na mdomo, anayetukanwa na kutukana. Wanaibeba pamoja, wanaichukia pamoja. Shukshin alifariki Oktoba 1974 kabla kazi haijaisha, na sauti ya Lopakhin ikabidi imaliziwe na mwigizaji mwingine. Sisi tunaoongea juu ya vinywa vya watu wengine, jambo hilo linatuhusu kidogo.

Nisisahau hili, kwa sababu watu wa kwetu hulifurahia. Simonov yule yule aliichukua namna bunduki yake ndefu inavyojipakia, akaipunguza, ikawa bunduki ya SKS ya mwaka 1945. Wachina wakaitengeneza ya kwao. Ndiyo hiyo tunayoisikia kwenye taarifa za polisi wetu kwa jina la SAR. Mjukuu wa ile bunduki ndefu umemwona mara nyingi mlangoni mwa benki.

Ile tafsiri niliirudia. Nikaondoa mdunguaji, nikaondoa milipuko mitatu, na kwenye handaki nikaweka sauti mbili, moja ya kulenga na moja ya kuhema. Siku ya kuionyesha, mzee alikuja na wajukuu wawili. Ilipofika pale, namba moja akasema "Leta!", mwenzake akaleta, na mzee hakusema kitu. Tulipokuwa tunatoka nje akanishika mkono na kuniuliza kwa nini yule wa pembeni sikumpa jina.