Kiitaliano cha bichi, Kifaransa cha skuli: maswali yenu na majibu

Haya, maswali yamekuja mengi, karibu yote ya lugha, kutoka Malindi, Watamu mpaka visiwa vya Lamu. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Mimi nafundisha lugha hapa Malindi na hili jambo liko moyoni mwangu, kwa hivyo pengine nitarefusha.

"Shikamoo mwalimu. Niko fomu thri hapa Malindi. Kiitaliano nimekishika tangu mdogo manake mamangu anauza matunda karibu na hoteli, lakini skuli tunasoma Kifaransa na nachanganya kila siku, juzi nimeandika io suis kwa insha darasa zima likacheka. Nimeambiwa nisahau Kiitaliano kwanza. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Usisahau kitu, na pole kwa hicho kicheko. Unachanganya kwa sababu hizi lugha mbili ni ndugu, zote zimetoka Kilatini, sa badala ya kufukuza moja ziweke zote mbili mezani uzitazame. Chukua daftari upige mstari katikati, kushoto Kiitaliano kulia Kifaransa, uandike: notte na nuit, otto na huit, latte na lait, fatto na fait. Umeona? Palipo na tt kwa Kiitaliano, mara nyingi Kifaransa kinaweka it. Tena cane ni chien, capra ni chèvre, cantare ni chanter, caldo ni chaud, yaani ile ca ya mwanzo inageuka ch. Wenzako wanakariri neno moja moja, wewe una njia ya kulifikia kabla hujafunzwa. Ukurasa wa nyuma weka mitego: gatto ni paka lakini gâteau ni keki, salire ni kupanda lakini salir ni kuchafua.

Na hata Kiswahili chetu kimo humo. Vasco da Gama alifika hapa Malindi 1498, ile nguzo yake mnaijua, na Wareno waliokuja wakatuachia maneno kama kasha, karata, bendera na mvinyo. Kireno nacho ni ndugu wa hizo mbili, kwa hivyo kasha utalikuta ni cassa kwa Kiitaliano na caisse kwa Kifaransa, karata ni carta na carte. Nikifundisha hili darasani huwa naona macho ya watoto yanavyofunguka.

Lakini nikwambie ukweli pia. Kiitaliano cha bichi, kile tunachookota kwa watalii, kina kasoro, vitenzi tunaviacha vizima vizima, io andare, tu venire, ni kama mtu akwambie "mimi kwenda, wewe kuja", na mgeni ashaelewa kwa hivyo hakurekebishi, unakaa hivyo miaka kumi. Halafu kila mtu tunamwita "tu", yaani wewe. Mtu mzima usiyemjua anaitwa Lei na kitenzi kinabadilika, na wewe ulioanza barua yako na shikamoo heshima unaifahamu, basi mpe na mzee wa Kiitaliano haki yake. Kwa KCSE, ule mtihani wa fomu foo, Kiitaliano hakitahiniwi, lugha za kigeni zilizoko mule ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, kwa hivyo gredi yako iko kwa Kifaransa. Ila ukishajua kukiandika Kiitaliano kuna mitihani yake kama CILS na CELI, inakupa cheti kwa zile ngazi za A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, na cheti hicho mwenye hoteli anakielewa.

"Mwalimu, binti yangu wa miaka 16 ataka awe aenda bichi jioni kuongea na watalii, ati ni mazoezi ya orali. Nikimkataza nitakuwa namrudisha nyuma?" (Baba, Watamu)

Humrudishi nyuma kaka, mkataze. Hii pwani yetu tunajua yaliyowapata watoto wa watu, na wengine yalianza na maneno matamu ya "nitakufunza lugha" hivi hivi. Hakuna orali yenye thamani hiyo. Kama anataka kusikia wageni wakiongea, waende kikundi, mchana, na mwalimu wao, pale magofu ya Gede au makumbusho ya Malindi, wajipange nani ataeleza nini kwa lugha gani. Huko msichana anakutana na mgeni akiwa mwenyeji mwenye kitu cha kueleza.

Na nyumbani mpe simu yako dakika kumi kila jioni, ajirekodi akisimulia siku yake kwa Kifaransa, asikilize, kesho yake arekodi tena jambo lile lile. Mara ya tatu hivi utamsikia mwenyewe hata kama hujui Kifaransa, kigugumizi kinapungua. Orali ya mtihani inataka ulimi usioogopa, na woga unaisha kwa kurudia.

"Asalaam aleykum. Mwanangu chuoni kahitimu, Qur'ani yuwasoma vizuri sana lakini maana hafahamu. Skuli wamwambia achukue Kiarabu. Mimi nahofia atafeli aaibike." (Mama, Langoni, Lamu)

Waaleykum salaam dadangu. Mwache achukue, tena kwa furaha. Huyo mtoto ana kitu ambacho wenzake wanaoanza sifuri watakihangaikia muda mrefu: herufi anazijua, kuziunganisha anajua, na ain na ha na swad zinatoka mahali pake kwa sababu ustadhi wake wa tajwidi, zile kanuni za kusoma Qur'ani, alimsimamia. Kilichobaki ni maana na nahau, na hapo Kiswahili kinamshika mkono.

Mkalishe jioni moja umuulize, kitabu, katibu na maktaba vina nini sawa? Ataona kaf, ta, ba. Darasa, madrasa, kudurusu? Dal, ra, sin. Elimu, mwalimu, maalumu? Ain, lam, mim. Kiarabu kimejengwa kwa mizizi ya namna hii, mara nyingi herufi tatu, na mtoto wa Lamu anayo mamia ya mizizi hiyo kinywani tangu ananyonya, ni vile tu hakuna aliyemuonyesha. Halafu achukue sura fupi alizohifadhi, moja kwa wiki, atafute maana neno kwa neno, hizo hazihitaji kukariri tena manake ziko kifuani tayari. Mimi nalia sana na hili, watoto wetu wanabeba hazina hiyo miaka na miaka, skuli inawahesabu kama hawajui kitu.

Mambo mawili awe makini. Moja, maneno yetu yamebadilika njiani: tafadhali kwetu ni ya kuomba, lakini Mwarabu akisema tafaddal anakukaribisha, keti, chukua, pita. Ukiomba unasema min fadlak. Pili, Kiarabu cha mtihani ni fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, si kile ami yake wa Jeddah anachoongea kwa simu, kwa hivyo asishangae akisikia tofauti.

"Skuli yetu haina mwalimu wa lugha yoyote ya kigeni. Mimi nataka Kijerumani. Bando ni ghali. Inawezekana?" (Kijana, Faza)

Inawezekana kujifunza, ila usijiandikishe KCSE peke yako bila mtu wa kukufunza, kuna kusikiliza na kuna orali, utajiumiza. Jifunze kwa ajili yako, mtihani wa nje utafanya baadaye.

Njia yangu ni hii. Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, wana habari za Kiswahili, na pia wana habari za Kijerumani zinazosomwa polepole pamoja na maandishi yake, bure. Sikiliza kwanza kwa Kiswahili ujue dunia ina nini siku hiyo, halafu ile ya Kijerumani, utashika majina ya nchi, tarehe, namba, na habari unaijua tayari kwa hivyo unakisia mengine. Daunlodi siku ukifika penye waifai, sauti ya dakika chache hiyo hiyo isikilize wiki nzima. Wa Kifaransa wafanye vile vile na RFI, redio ya Ufaransa, nao wana idhaa ya Kiswahili na habari kwa Kifaransa chepesi.

"Niko gredi nain. Kijerumani, Kifaransa, Kiarabu au Kichina, ipi ina kazi?" (Lamu)

Uliza kwanza skuli unayoitaka ina mwalimu wa ipi, tena kwa sekondari ya juu lugha hizi ziko kwa njia (pathway) ya sayansi za jamii, usijekuta umechagua njia nyingine. Ukiwa na uhuru kweli, chagua ile ambayo ungeisoma hata bila kazi. Tembea pale Lamu mjini kwa ile nyumba ya posta ya Wajerumani, ilifanya kazi 1888 hadi 1891 na sasa ni makumbusho, halafu pita msikitini, halafu jeti, usikilize ni lugha gani inakuvuta sikio.

"Mbona kila nikiulizwa saa kwa Kiitaliano nakosea, na namba nazijua?" (Mambrui)

Kwa sababu unatafsiri. Sisi jua likichomoza tunaanza moja, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hivyo saa moja asubuhi yako ni le sette (saba), siyo l'una (moja). Tofauti ni sita siku zote. Wiki hii nzima kila ukitazama simu, kabla hujasema saa ngapi kwa Kiswahili, soma ile namba ilivyo kwa Kiitaliano kwa sauti: sono le sette, sono le otto.