Ukitafuta mkondo wa chini pale ikweta, anza na chumvi

Wadogo zangu wanaosomea sayansi ya bahari hunitumia faili za vipimo vya Bahari ya Hindi na swali lilelile: kaka, huu mkondo wa chini, yaani maji yanayokwenda mashariki chini ya uso wa bahari pale ikweta, uko wapi, mbona siuoni? Ukichungulia, wengi wamekimbilia kasi ya maji. Mimi huanza na chumvi.

Kasi inakwambia maji yanaelekea wapi leo. Chumvi inakwambia yametoka wapi. Bahari ya Arabuni jua kali, mvua haba, kwa hiyo maji yake ya juu hufika 36 na zaidi, yaani gramu kama 36 za chumvi katika kila kilo ya maji. Ghuba ya Bengal inamwagiwa Ganges na Brahmaputra, na kaskazini yake chumvi hushuka chini ya 33. Sasa simama juu ya ikweta kati ya pande hizo mbili, tuseme longitudo 80 mashariki. Ukikuta kwenye mita 100 hivi utepe wa maji yaliyopita 35, na juu yake maji yasiyokolea hivyo, ujue huo utepe umetoka magharibi. Hapo ndipo ufungue data za kasi.

Na utazame kalenda. Katika Pasifiki mkondo huu upo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana mwaka 1952 mtafiti wa bahari Townsend Cromwell na wenzake, wakijaribu uvuvi wa jodari kwa mishipi mirefu, waliona zana zilizozama zikivutwa mashariki ilhali maji ya juu yanakwenda magharibi. Kwetu unakuja kwa msimu. Tarajia Februari hadi Aprili, mwishoni mwa kaskazi: upepo umesukuma maji ya juu upande wa Afrika, usawa wa bahari umeinuka huko, na chini, ambako upepo haufiki, maji yanateremka kurudi mashariki. Yakichepuka kidogo kaskazini au kusini, mzunguko wa dunia huyarudisha kwenye mstari. Masika na vuli kuna mbio nyingine za maji kwenda mashariki, lakini hizo ni za juu na zinasukumwa na upepo wa magharibi. Usizichanganye.

Kuhusu vifaa. Maboya ya Argo, yanayoelea huru yakipima joto na chumvi, huzama hadi mita 2000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi, na data zake ni bure. Yanafaa sana kwa chumvi. Kasi ya mkondo huu usiyaulize, kwa sababu muda mwingi yanaelea kwenye mita 1000, chini kabisa ya tunachokitafuta. Chukua chumvi iliyokwisha kusahihishwa, si ile ghafi, na ubakize vipimo vyenye alama ya ubora 1, yaani vilivyo vizuri. Tofauti tunazowinda ni ndogo, mara nyingine 0.2 tu, na vihisi vingine vikizeeka husoma chumvi isiyokuwapo. Nikiona boya moja linang'ang'ania kukolea kuliko majirani zake hata kwenye mita 1500, ambako maji hayabadiliki kirahisi, naliweka kando.

Kasi itafute kwenye maboya yaliyotiwa nanga ya RAMA, mtandao wa vipimo wa Bahari ya Hindi, yenye vifaa vinavyotazama juu na kupima kasi ya maji kwa mwangwi wa sauti. Makumi ya mita za mwisho karibu na uso huwa tupu kwa sababu mwangwi wa uso huvuruga usomaji. Utupu huo usiujazie sifuri. Hakuna aliyesema maji yametulia.

Halafu, chora chumvi kwa msongamano wa maji (uzito wake kwa ujazo), si kwa kina peke yake. Mawimbi ya ndani hupandisha na kushusha tabaka zima makumi ya mita, na utepe uliouona jana kwenye mita 90 leo uko 120, maji yaleyale.

Ukiona mkondo umejitokeza mwishoni mwa mwaka, usiitupe faili. Angalia kwanza upepo wa mwaka huo. Mwaka 1997 upepo wa ikweta uligeuka ukavuma kutoka mashariki na zile mbio za vuli zikapotea. Miaka ya namna hiyo mkondo wa chini huweza kuja nje ya msimu wake.